Mwanamke wa noti ya kroni 200: Johanne Luise Heiberg alikuwa nani hasa?

Tarehe 31 Mei 2025 ilikuwa siku ya mwisho ya noti za zamani za Denmark. Baada ya hapo zikabaki makaratasi ya ukumbusho tu. Wiki chache baadaye shangazi yangu alikuwa akipanga upya kabati lake la vitabu, na kutoka katikati ya kitabu cha nyimbo za kanisani ikadondoka noti moja ya kroni 200, masalio ya miaka aliyofanya kazi Aarhus. Mwanawe akaipiga picha, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na swali moja: huyu mama ni nani?

Majibu yalimiminika. Mmoja akasema ni malkia wao. Binamu yetu wa Nairobi akaapa kwamba ni Karen Blixen, yule mwenye nyumba ya makumbusho kule Karen. Mwingine akasema ni nyota wa filamu za zamani. Wa nne, mwalimu, akaandika bila kusita kuwa huyo ndiye Nora wa kwanza, yaani aliyekuwa wa kwanza kumwigiza mhusika mkuu wa ile tamthilia ya Ibsen, A Doll's House, ambayo wanafunzi wa sekondari Kenya waliisoma kama kitabu teule. Jibu hilo ndilo lililopata vidole gumba vingi.

Wote wanne walikosa. Lakini kila kosa lina sababu yake, na ukifuata kosa moja baada ya jingine unafika kwenye swali lililo gumu zaidi kuliko la jina: mwigizaji ambaye hakuacha hata sekunde moja ya sauti wala picha inayotembea, anawezaje kuwekwa kwenye pesa ya nchi zaidi ya miaka 100 baada ya kufa?

Tuanze na noti yenyewe. Denmark ina wafalme na malkia, lakini toleo la noti lililoanza mwaka 1997 liliwekwa watu wa sanaa na sayansi. Kwenye kroni 50 alikuwa mwandishi Karen Blixen, kwenye 100 mtunzi wa muziki Carl Nielsen, kwenye 500 mwanafizikia Niels Bohr, na kwenye 1,000 wachoraji wawili, mke na mume, Anna na Michael Ancher. Kroni 200 ilipewa Johanne Luise Heiberg, mwigizaji wa jukwaani, na upande wa pili simba wa kuchongwa wa kanisa kuu la Viborg. Kwa hiyo binamu wa Nairobi hakuota. Blixen, aliyeishi Kenya tangu 1914 hadi 1931 akilima kahawa chini ya vilima vya Ngong, alikuwemo kweli katika toleo lilelile, ila kwenye noti ndogo zaidi. Blixen alizaliwa 1885, wakati Bi Heiberg ana umri wa miaka 72.

Suala la filamu nalo linamalizwa na kalenda. Heiberg alifariki tarehe 21 Desemba 1890. Ndugu Lumière walionyesha picha zao zinazotembea mbele ya watazamaji wa kulipa mjini Paris mwezi Desemba 1895, miaka mitano baadaye. Mdenishi ambaye watu humchanganya naye ni Asta Nielsen, aliyezaliwa 1881 na kuvuma duniani kuanzia 1910 kwa filamu zisizo na sauti.

Hapa inafaa tuweke wazi maana ya maneno. Tamthilia ni hadithi iliyoandikwa ili iigizwe. Mwigizaji wa filamu anaigiza mara moja, kazi inahifadhiwa, na mjukuu wako ataiona vilevile ulivyoiona wewe. Mwigizaji wa jukwaani anaigiza usiku huu mbele ya watu waliokaa hapahapa, na kesho anaanza upya. Filamu ni mkate wa dukani: upo leo, upo kesho, umefungwa kwenye plastiki. Jukwaa ni chapati inayotoka kwenye kikaango. Aliyekuwepo jikoni ameila ikiwa moto, na aliyechelewa atasimuliwa tu. Kwa hiyo yote tunayoyajua kuhusu Bi Heiberg tumeyapata kwa waliokuwepo jikoni: magazeti, barua, washairi waliomwandikia nafasi, kumbukumbu zake mwenyewe, na makala moja ya mwanafalsafa ambayo nitaikalia sana hapa chini.

Mtoto wa wauza vinywaji

Ukitazama picha zake za utu uzima, nguo za hariri na mgongo ulionyooka, unadhani huyu alizaliwa katika nyumba ya watukufu. Hapana. Alizaliwa Copenhagen tarehe 22 Novemba 1812 kwa jina la Johanne Luise Pätges. Baba alikuwa Mjerumani Mkatoliki, mama Mjerumani wa asili ya Kiyahudi, na wote wawili walikuwa wageni katika nchi ya Walutheri. Mji wenyewe ulikuwa bado na makovu ya mizinga ya Waingereza ya 1807, na wiki chache baada ya yeye kuzaliwa, Januari 1813, serikali ya Denmark ikatangaza kufilisika. Wazazi waliuzia watu vyakula na vinywaji, na wakati wa kiangazi biashara ilihamia Dyrehavsbakken, uwanja wa starehe kaskazini mwa mji, kwenye mahema, muziki na walevi. Nyumbani watoto walikuwa wengi na fedha haba.

Njia ya kutoka ilikuwa baleti. Mwaka 1820, akiwa na miaka 7, alipokewa katika shule ya baleti ya Jumba la Tamthilia la Kifalme. Tusilione kama darasa la watoto wa matajiri wanaopelekwa na gari Jumamosi. Kwa familia ya kina Pätges ilikuwa nafasi ya kazi: mtoto anafunzwa, anapewa vinafasi vidogo jukwaani, na akiwa na bahati anapata riziki ya maisha.

Na jumba lenyewe tulielewe vizuri, kwa sababu bila hilo umaarufu wake unaonekana kama uchawi. Lilianzishwa mwaka 1748 kwenye uwanja wa Kongens Nytorv, na kwa muda mrefu lilikuwa na haki ya pekee ya kuonyesha tamthilia kubwa katika mji mkuu. Mwaka 1840 mji huo ulikuwa na watu kama 120,000. Mfalme alitawala bila bunge la kumhoji hadi 1848, na magazeti yaliandika kwa kujichunga. Basi ubishi ambao watu hawakuweza kuumwaga kwenye siasa waliumwaga kwenye tamthilia. Nani kaigiza vizuri, nani kanuna, mchezo upi umeharibu ladha ya taifa: hayo ndiyo yaliyojadiliwa mezani. Mwigizaji mkuu wa jumba lile alijulikana na kila aliyesoma gazeti na kila aliyemsikia msomaji akibishana.

Wimbo wa zamani, maneno mapya

Mwaka 1825 aliingia mtu aliyebadilisha mambo. Johan Ludvig Heiberg alikuwa mshairi na mtu wa falsafa, na alikuwa ameishi Paris kwa baba yake, mwandishi aliyefukuzwa Denmark kwa sababu ya maandishi ya siasa. Kutoka huko alirudi na vodevili. Neno linatisha bure. Chukua wimbo wa harusi ambao kila mtu mtaani anaujua, uutie maneno mapya kuhusu mwenye nyumba mchoyo au mchumba muongo, kisha upachike katika mchezo mfupi wa kuchekesha. Mtazamaji anacheka mara mbili: kwa maneno mapya, na kwa kukumbuka ya zamani. Hiyo ndiyo vodevili. Wakubwa wa ladha walilalamika kwamba upuuzi huo haustahili nyumba ya mfalme, na mwaka 1826 Heiberg akaandika kitabu kizima cha kuitetea.

Mwaka huohuo aliandika mchezo wa siku ya wajinga unaotokea shuleni, na nafasi ya mwanafunzi mdogo mwenye mdomo, Trine Rar, akampa Johanne Luise. Alikuwa na miaka 13. Mwaka 1828 akapewa nafasi ya Julieti, yule binti katika Romeo na Julieti ya Shakespeare, akiwa hajafika 16, na mwezi Novemba akawa Agnete katika Elverhøj, mchezo ambao Heiberg aliuandika kwa ajili ya harusi ya kifalme, muziki wa Friedrich Kuhlau. Mchezo huo Wadenishi huuita tamthilia yao ya taifa hadi leo.

Wanaosema kwamba alitengenezwa na mumewe waziangalie tarehe hizo. Walioana tarehe 31 Julai 1831. Julieti na Agnete walikuwa tayari na miaka karibu mitatu. Ni kweli alimwandikia nafasi zilizomkaa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo, na ni kweli kwamba ndoa ilimwingiza binti wa wauza vinywaji katika nyumba ya wasomi: yeye ana miaka 18, mume 39, na mama mkwe, Thomasine Gyllembourg, ni mmoja wa waandishi wakubwa wa hadithi wa wakati ule. Alijifunza mengi katika nyumba hiyo. Lakini fundi hushona nguo kwa kumtazama mvaaji. Msichana mwenye kipaji alikuwepo kwanza, michezo ikafuata.

Waandishi wengine nao walimtaka. Hans Christian Andersen, yule wa ngano za watoto, aliwekea matumaini makubwa michezo yake ya jukwaani. Mwaka 1840 Bi Heiberg aliigiza Cecilie katika mchezo wake kuhusu kijana chotara na utumwa huko Martinique, na watu wakaupokea vizuri. Ulipokuja mchezo uliofuata, akaikataa nafasi kuu. Andersen aliumia sana. Tukio hilo linaonyesha uzito aliokuwa nao: mwigizaji mmoja akisema hapana, mchezo unalegea kabla pazia halijafunguliwa.

Julieti wa miaka 34

Sasa tufike pale ninapotaka tukae. Mwaka 1847, zaidi ya miaka 18 baada ya mara ya kwanza, Bi Heiberg alirudi jukwaani kama Julieti. Alikuwa na miaka 34. Julieti katika mchezo hajatimiza hata 14.

Minong'ono unaweza kuikisia, maana haijabadilika hata leo. Amezeeka. Aachie wasichana. Mbona hajioni? Mwigizaji wa kike alihesabiwa kama ua: linachanua, linatazamwa, linanyauka. Mwanamume wa miaka 34 hakuna aliyemhesabia umri.

Mwezi Julai 1848, kwa siku nne kuanzia tarehe 24 hadi 27, gazeti la Fædrelandet likachapisha makala kuhusu msukosuko katika maisha ya mwigizaji wa kike. Mwandishi alijificha nyuma ya jina la Kilatini, Inter et Inter. Alikuwa Søren Kierkegaard, mwanafalsafa, aliyezaliwa miezi isiyofika sita baada ya Bi Heiberg na mpenzi mkubwa wa tamthilia. Makala hiyo inasifika kwa ugumu, na wengi huirahisisha kwa kusema: Kierkegaard alidai kwamba mwanamke wa miaka 34 bado alionekana kijana. Sivyo kabisa. Hoja yake ilikuwa karibu kinyume cha hapo, na inaeleweka ukiichukua hatua kwa hatua.

Anaanza na msichana wa miaka 17 anayepanda jukwaani na kuuteka mji. Ana nini? Ana bahati, ana uchangamfu usiotulia, na ana jambo jingine ambalo ni la ajabu zaidi: mzigo wa macho ya watu haumlemei. Unambeba. Nyuma ya pazia anatetemeka, akitokea mbele ya watu anakuwa mwepesi kama ndege.

Jambo hili lasikika kama fumbo mpaka ukumbuke mtu anayechota maji. Mtazame msichana akienda kisimani na ndoo tupu mkononi: anayumba, anarusha miguu, mabega yamelegea. Mtazame akirudi na lita ishirini kichwani. Shingo imesimama, mgongo umenyooka, hatua zimepimana, na mwendo wake una uzuri ambao hakuwa nao alipokwenda mtupu. Uzito ndio uliomnyoosha. Mwigizaji wa kweli yuko hivyo mbele ya ukumbi uliojaa, na asiye mwigizaji, uzito uleule unamvunja shingo.

Kisha Kierkegaard anawageukia watazamaji, na hapa ana ukali. Anasema umati unadhani unapenda sanaa, kumbe unapenda ujana, na ujana si kazi ya mtu. Umati huohuo, baada ya kupiga makofi miaka mingi, unazoea, unachoka, na uchovu wake unamtupia mwigizaji: amezeeka yeye. Huo ndio msukosuko. Wakati unakuja na kumpokonya kila alichopewa bure. Swali ni kama chini ya vile vya bure kulikuwa na kitu chake.

Na jibu lake ni kwamba kama kipo, basi sasa ndipo kinapoonekana. Mwulize binti wa miaka 16 akueleze mapenzi ya kwanza. Atainama, atacheka, atavuta kona ya kanga yake. Yamo ndani yake yote, lakini hawezi kukupa, kwa kuwa yeye mwenyewe yumo ndani ya hayo. Mwulize mama wa miaka 34. Atakwambia mpaka rangi ya shati alilovaa yule kijana na mlango ulivyolia ulipofungwa. Yeye yuko nje yake, kwa hiyo anaweza kuyashika na kukuonyesha. Msichana anaweza kuwa Julieti. Kumwigiza Julieti, kwa maana ya kumleta mzima mbele ya watu, kunamtaka mtu aliyempita Julieti kisha akarudi kwa hiari yake.

Kierkegaard anatofautisha hilo na njia nyingine, ambayo pia anaiheshimu: mwigizaji anayesogea na umri polepole, mwaka hadi mwaka, kutoka binti hadi mama hadi bibi, kila hatua vizuri. Hiyo ni njia iliyonyooka. Bi Heiberg alifanya jambo gumu zaidi. Alirudi mwanzoni kabisa, kwenye nafasi ileile, mikono mitupu bila ujana wake, na ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa.

Nimesoma hoja hii mara nyingi, na kila mara nawaza wanawake wa maigizo yetu wanaopewa nafasi za bibi kizee wakiwa na miaka 40. Hoja ina umri wa zaidi ya miaka 175 na bado haijasikika vya kutosha. Bi Heiberg mwenyewe alijua thamani yake. Katika kumbukumbu zake anaitaja makala hiyo kwa shukrani.

Kutoka mbele ya pazia kwenda nyuma yake

Miaka iliyofuata haikuwa tamu yote. Mwaka 1849 mumewe akawa mkurugenzi wa jumba, hadi 1856, na mke wa bosi akiwa ndiye nyota, unajua watu watasema nini. Kulikuwa na kizazi kipya, Frederik Høedt na Michael Wiehe wakiwa mbele, kilichotaka uigizaji wa kawaida zaidi, usiopambwa. Ugomvi ukafika hadi Høedt na Wiehe wakaondoka mwaka 1855. Kumbukumbu za Bi Heiberg zinamtetea mumewe kwa nguvu, na msomaji azisome akikumbuka kwamba ni ushahidi wa mke. Mume alifariki mwaka 1860. Mwaka huohuo Bi Heiberg aliigiza Lady Macbeth wa Shakespeare, na mwaka 1864 akaaga uigizaji.

Wengi humalizia habari yake hapo, jambo linalonisikitisha. Tangu 1867 hadi 1874 alikuwa mwongozaji katika jumba lilelile, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo pale. Mwongozaji ndiye anayeamua nani asimame wapi, neno lipi livutwe na lipi limezwe, taa na mavazi yaseme nini. Aliipeleka jukwaani michezo miwili ya Henrik Ibsen wa Norwei, mmoja 1870 na mwingine 1871, wakati Ibsen bado anatafuta nafasi yake. Ibsen alimshukuru kwa barua ndefu ya mashairi mwaka 1871.

Kwa hiyo mwalimu wetu wa kundini alikuwa karibu sana na ukweli. Jina la Ibsen linahusika, jumba linahusika. Lakini Nora alionekana kwa mara ya kwanza katika Jumba la Kifalme tarehe 21 Desemba 1879, na aliyemwigiza alikuwa Betty Hennings, aliyezaliwa 1850 na ambaye naye alianza kama mchezaji wa baleti. Bi Heiberg alikuwa ameacha kuigiza miaka 15 kabla. Alifariki tarehe ileile ya 21 Desemba, miaka 11 baadaye.

Kumbukumbu zake zilitoka baada ya kifo, 1891 na 1892, juzuu nne. Humo ndimo alimoandika hema za Dyrehavsbakken, mazoezi ya baleti na woga wa nyuma ya pazia, kwa mkono wa mtu ambaye shule yake ilikuwa jukwaa. Alitunga pia vodevili zake mwenyewe, mojawapo ya mwaka 1848 kuhusu Jumapili moja kwenye kisiwa cha Amager, na ilichezwa sana.

Shangazi ameikataa fedha aliyoahidiwa na mkusanyaji wa noti za kale. Ameirudisha kwenye kitabu cha nyimbo. Nilipomweleza haya yote kwa simu, aliniuliza sasa kwenye kroni 200 mpya wameweka sura ya nani. Hawajaweka sura. Toleo lililofuata lina madaraja, na la 200, lililotoka mwaka 2010, lina Knippelsbro, daraja linalounganisha katikati ya Copenhagen na mtaa wa Christianshavn. Lililochorwa lilijengwa miaka ya 1930, lakini mahali hapo pamekuwa na daraja kwa karne nyingi. Kina Heiberg waliishi Christianshavn katika miaka ya 1840. Jumba la tamthilia lilikuwa ng'ambo ya pili. Jioni ya Julieti wake wa pili, na jioni nyingi za kazi baada yake, ilimbidi avuke hapo.